Kamba za Nyuma ya Pazia

Ukifika Rumonge na kuulizia fundi wa nguo za kike, hutaelekezwa sokoni. Sokoni mafundi wapo, tena wa kutosha, wanaume watupu, mashine zao zimepangwa barazani na redio zinashindana kupiga kelele. Watakushonea vizuri tu, sina ugomvi nao. Lakini wanawake wa mji huu, wa msikitini na wa kanisani, wakishakunja kitambaa chao ndani ya mfuko, hukata kona ya mtaa wa Waswahili, wakapita nyumba mbili za matofali mabichi, wakabisha hodi nyumba ya tatu. Hapo ndipo kwa Wema.

Wema ana miaka thelathini na minane, mume mmoja, watoto watatu, Aisha akiwa wa kwanza, na mashine moja ya kukanyaga kwa miguu. Mashine iko sebuleni karibu na mlango, mahali penye mwanga. Sebule yenyewe ameigawa kwa pazia la kitenge. Nyuma ya pazia hakuna kitu cha kumvutia mwizi: kigoda, kioo kilichopasuka pembeni, na ukuta mzima wa misumari. Kila msumari una kamba yake.

Kamba hizo ndizo kazi yake. Baba yake, marehemu Hadji, alikuwa mshona nyavu pale mwaloni, na Wema alikua akichezea uzi wa nyavu, ule mweusi usiovutika hata ukilala majini. Alipoanza kushona hakuona sababu ya kuuacha. Mafundi wengine hupima kwa tepu na kuandika kwenye daftari. Wema hupima kwa uzi: fundo la kwanza bega, la pili kiuno, la tatu kifua, la nne nyonga, na la mwisho urefu. Kwenye ncha hufunga kipande cha kitambaa cha kwanza alichomshonea mteja, basi hicho kipande ndicho jina. Daftari, anasema, atalisoma yeyote aliyefika darasa la pili. Kamba yake lazima kwanza uelekezwe.

Na mtu akishasimama nyuma ya pazia na kuinua mikono, hakuna anachoweza kumficha Wema. Anajua nani amekonda kwa msiba na nani kwa njaa. Anajua mkono wa nani una alama za vidole vya mumewe. Anajua mama gani mcha Mungu amechora jina la mtu begani enzi za usichana wake, na mtu huyo si baba watoto. Anajua na ananyamaza. Kunyamaza huko hakukuwahi kumgharimu kitu, ndiyo maana hakuwahi hata kuwaza habari yake.

Alichokuwa akikifikiria ni kibao. Ungemuuliza mwaka jana kufanikiwa ni nini, angekujibu bila kuinua mguu kwenye mashine: ni kibao kando ya barabara ya lami iendayo Nyanza-Lac, kimeandikwa jina lake kwa rangi nyekundu, na chini ya kibao mashine nne na wasichana wanne wanaomwita bosi. Wakwe zake walizoea kusema kwamba mke wa Shabani "anajishughulisha nyumbani." Walisema kwa wema kabisa, na kila waliposema alitamani kumtupia mtu pasi.

Sasa njoo kwa Irakoze.

Huyu alikuwa binti wa mzee Ndayisaba, shemasi wa kanisa moja la walokole upande wa Gatete. Alichumbiwa na Boaz, mwalimu anayefundisha Nyanza-Lac, na harusi ikapangwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa sita. Wiki sita kabla, Irakoze alikuja na satini yake nyeupe, akapimwa, kamba ikatundikwa. Wiki tatu baadaye alirudi kujaribu gauni, na kiuno kikawa kimesogea upana wa kidole. Wema alifunga fundo jingine. Watu hunenepa kwa furaha. Wiki moja kabla ya harusi kiuno kilisogea tena, vidole viwili kamili, wakati mikono na shingo ya binti vilikuwa vinakonda.

Kwa kawaida kipimo kikibadilika Wema hukata kamba ya zamani na kuanza nyingine. Safari hii aliyaacha mafundo yote matatu ya kiuno yakae kwenye kamba moja, moja baada ya jingine, ili ajue mwendo wa tumbo na kiasi cha kitambaa cha kuacha kwenye mshono mpaka siku yenyewe ifike. Hilo lilikuwa kosa lake, na lilikuwa kosa la mtoto wa mshona nyavu. Fundo lake ukishalilowesha kwa mate na kulikaza kwa meno, halifunguki tena.

"Mama Aisha," Irakoze aliuliza, mikono kichwani kama alivyoambiwa, "nguo itaingia?"

"Itaingia."

"Na Jumamosi?"

Wema alizungusha uzi mara ya pili, ingawa hakuhitaji. "Ni ya nani?"

"Ni ya Boaz. Yeye mwenyewe anajua. Alikuja kwa Pasaka." Binti alishusha sauti. "Kanisa ikijua, watatuoza kule nyuma, bila shela, bila kwaya. Na papa yangu watamuvua ushemasi mbele ya watu wote. Papa atakufa, mama Aisha. Sisemi mchezo."

"Mimi nashona nguo," Wema alisema. "Teremusha mikono."

Siku hiyo hiyo alilifumua gauni, akapandisha kiuno mpaka chini ya kifua, akaongeza marinda mbele na safu ya vifungo vya lulu mgongoni. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, na alijua.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, pikipiki ilisimama mlangoni, akashuka Madamu Generoza.

Madamu Generoza ni direktrisi, yaani mkuu, wa shule ya bweni ya wasichana huko juu mlimani, mjane, mwanamke ambaye watu humpisha njia kabla hajaomba. Ni shangazi wa Boaz. Baba yake Boaz alipofariki, yeye ndiye aliyemlea kijana mpaka akawa mwalimu. Pia ni mteja wa Wema wa siku nyingi, na tangu Ramadhani Wema alikuwa akisubiri neno moja kutoka kwake.

Neno lilikuja. Generoza alikaa, akafungua mkoba, akaweka karatasi juu ya mashine. Inifomu mia moja na themanini, sketi na blauzi, na kila mwaka zingine. Wema aliisoma mara mbili. Hapo palikuwa na mashine nne na kibao na kila kitu.

"Inabaki kashe tu," Generoza alisema, akigonga chini ya karatasi mahali pa mhuri. "Kashe iko humu kwa mkoba."

"Murakoze cane, Madamu."

"Ngoja kwanza kushukuru." Aligeuka kuhakikisha mlango umerudishwa. "Mama Aisha, mimi si muntu wa kuzunguka. Siku ya kuposa walituletea samaki, mukeke ya kuchoma. Ule mutoto alinusa sahani, akatoka nje kutapika. Mutoto amezaliwa hapa ziwani, anatapika mukeke. Nilifunga macho. Lakini juzi nimemuona anapanda muteremuko ya kanisa ameshika mugongo."

Wema aliangalia sindano ya mashine.

"Niko mama wa kanisa," Generoza aliendelea. "Nitakaa kwa kiti cha mbele. Kama kuna kitu, nataka nikijue mbele ya watu wengine kukijua. Sikuombi useme. Kamba yake tu. Ya kwangu ulinifundisha kuisoma, na ya kwake nitaisoma."

Kutoka alipokaa, pazia lilikuwa limeachia upenyo, na katika ukuta mzima wa vitenge na khanga palikuwa na kipande kimoja tu cha satini nyeupe. Wema alijua Generoza ameshakiona. Angeweza kunyanyuka na kukichukua mwenyewe, hatua nne tu. Hakunyanyuka, na kwa namna fulani hilo lilimtisha Wema zaidi.

"Leo kuna muteja anakuja sasa hivi," Wema alisema.

"Egome, sawa. Basi kesho, saa tisa. Nitakuja na kashe." Aliiacha karatasi palepale juu ya mashine, haina mhuri, akaondoka.

Wema hakuwa amepumua vizuri Shabani akaingia. Shabani ni fundi wa kuunda boti, na boti hazimpi kazi siku hizi, maana mwenye boti asiye na esanisi, yaani petroli, hana haja ya boti ya pili. Nyumba yao ya kwanza, iliyokuwa karibu na mwalo, ilimezwa ziwa lilipopanda. Ni mtu aliyechoka kupata habari mbaya. Aliiona karatasi, akaisoma kwa kidole, akatoka. Baada ya muda Wema alisikia shoka uani.

Alikuwa anachonga nguzo. Alikuwa na mbao za boti kuukuu alizozihifadhi miaka miwili bila kujua ni za nini, na sasa alikuwa amejua. Jua lilipoanza kushuka nguzo nne zilikuwa zimesimama kando ya ukuta.

"Hapa mashini ya pili," alimwonyesha mkewe, akipima kwa hatua. "Hapa ya tatu. Hapa dirisha, mupate mwanga. Na kibao nitakichonga mimi mwenyewe, usimupatie muntu mwingine."

Wema hakuwahi kumwona akicheka namna ile tangu maji yapande. Alitaka kumwambia kashe bado. Alitaka kumwambia sababu ya kashe kuwa bado, na hapo ndipo maneno yalipokwama, kwa kuwa sababu yenyewe ilikuwa tumbo la Irakoze.

Alhamisi asubuhi Shabani alikwenda kunywa kahawa na wenzake kijiweni, na Wema alijua anachokwenda kusimulia. Alijifungia. Akateremsha kamba ya Irakoze, akayaangalia yale mafundo matatu ya kiuno yalivyofuatana, kisha akakata uzi mpya. Akafunga bega. Akafunga kiuno, lile fundo la kwanza tu, la wiki sita zilizopita. Kifua, nyonga, urefu. Akafunga kipande cha satini kwenye ncha, akaisugua kamba yote kwenye vumbi la sakafu ili isionekane ya leo, akaitundika. Ile ya kweli aliitia kwenye mtoto wa meza ya mashine na kuufunga kwa ufunguo.

Kazi ilikuwa safi. Hata baba yake asingetambua.

Akakaa akaipigia hesabu dhamiri yake, na hesabu ilitoka vizuri. Nani angeumia? Irakoze angeokoka. Mzee Ndayisaba angebaki shemasi. Boaz angemuoa mama wa mtoto wake. Generoza angelala usingizi. Nguzo za Shabani zingepata paa. Uongo mmoja mdogo wa kamba, watu wote hao wakastarehe. Mimi mwenyewe ningekuwa mahali pake sijui ningesita kwa lipi. Lakini kila alipouangalia ule ukuta, aligeuza macho, na hakuelewa ni kwa nini.

Saa tisa kamili, pikipiki.

Generoza aliingia, akaitikia salamu, akamtuma Aisha nje akacheze. Alikaa pale pale pa jana. Akatoa kashe na kijisanduku cha wino, akaviweka juu ya karatasi, akafungua kifuniko cha wino kabisa.

"Kamba," alisema.

Wema aliingia nyuma ya pazia. Mkono wake uliishika ile ya uongo na kuitoa kwenye msumari. Alikuwa ameshageuka kutoka, na kugeuka huko ndiko kulikomleta uso kwa uso na kamba nyingine, yenye kipande cha kitambaa cha zambarau kwenye ncha.

Ilikuwa ya Generoza mwenyewe.

Miaka mitatu iliyopita Generoza alirudi kutoka hospitali ya mbali, akaja hapa, akavua blauzi bila kusema neno. Upande wa kushoto palikuwa bapa, pana kovu lililokwenda mpaka kwapani. Wema alizungusha uzi, akafunga fundo jipya la kifua, akauliza kama mikono iwe mirefu au mifupi. Tangu siku hiyo kila blauzi ya Madamu ina mfuko wa sufi upande wa kushoto, umeshonwa ndani ambako hata mfuaji haoni. Rumonge nzima haijui. Kanisa halijui. Boaz hajui.

Wema alisimama na kamba ya uongo mkononi na ndipo alipoelewa kwa nini alikuwa akikwepa kuuangalia ule ukuta. Akitoka na kamba, ya kweli au ya uongo, Generoza ataondoka hapa anajua kitu kimoja: kamba za Wema huonyeshwa. Huonyeshwa kwa mwenye cheo, huonyeshwa kwa mwenye karatasi. Kesho atakuja mume wa mtu, keshokutwa mama mkwe wa mtu. Na Generoza, kila atakapoinua mikono nyuma ya pazia hili, atajiuliza yake imeshaonyeshwa kwa nani.

Aliogopa. Niseme ukweli, aliogopa kiasi cha kutaka kuketi chini. Akaitundika ile kamba, akatoka mikono mitupu.

"Madamu," alisema, "kamba za watu sionyeshagi."

Generoza hakutikisika. "Basi ni kweli."

"Sijasema kweli, sijasema uongo. Mama yake Irakoze angekuja hapa kuulizia ya kwako, ningemujibu hivi hivi."

Maneno yalipotoka ndipo alipoyasikia. Mkono wa Generoza ulikuwa umepanda wenyewe mpaka upande wa kushoto wa kifua na kubaki hapo. Nje Aisha alikuwa anaruka kamba na kuhesabu kwa sauti.

"Unanitisha, Mama Aisha?"

"Hapana."

"Mimi nasikia vitisho."

"Hapana, Madamu." Wema alimsogezea karatasi. "Chukua karatasi yako, uende. Nenda kesho useme kanisani kile unataka kusema, umuharibie ule mutoto harusi, mimi siwezi kukuzuia. Na ya kwako itabaki pale kwa musumari. Hata tukikosana mpaka kufa, itabaki pale. Ndiyo kitu nataka kusema. Sikujua kukisema vizuri."

Generoza alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyetoa jibu ambalo halimo kitabuni. Kisha akafunga kifuniko cha wino. Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaitia mkobani.

"Fundi wa sokoni iko na tepu," alisema akisimama, "na iko na kaye ya kuandika." Alitoka bila kuaga.

Shabani alirudi na mfuko wa misumari ya paa. Macho yake yalikwenda moja kwa moja juu ya mashine.

"Karatasi iko wapi?"

"Ameichukua. Hakupiga kashe."

"Juu ya nini?"

"Hatukuelewana."

"Mumekosa kuelewana juu ya nini? Bei? Umemutajia bei ya kiburi?"

Wema alinyamaza. Hapo ndipo bei ya kunyamaza ilipomfikia, na ilikuwa kubwa kuliko inifomu. Angesema neno moja, mumewe angemwelewa, pengine angemsifu. Na neno hilo moja lingekuwa kamba iliyoonyeshwa. Alimwona Shabani akisubiri, alimwona akichoka kusubiri, alimwona akiamua mwenyewe jibu ni lipi.

"Kiburi," Shabani alisema taratibu. "Sasa mimi nitawaambia nini kule kwenye kahawa?"

Hakugombeza. Alikwenda uani akaanza kung'oa nguzo, na Wema alikaa kwenye mashine akalia, mguu unakanyaga na hakuna kitambaa chini ya sindano, ili watoto wasikie kazi inaendelea. Alilia kwa uchungu wa kuonekana mjinga na watu anaowapenda. Alilia zaidi kwa hofu kwamba ameupoteza mkate wake bure, maana Generoza bado alikuwa na Ijumaa nzima ya kwenda kwa mchungaji.

Ijumaa ilipita. Jumamosi Wema alikwenda kanisani na kukaa benchi la mwisho karibu na mlango, sindano mbili zimechomekwa kwenye ushungi wake, kama afanyavyo kila harusi ya mteja, Mwislamu au Mkristo. Gauni likipasuka mshono, fundi awe karibu. Kwaya iliimba. Mzee Ndayisaba alimleta binti yake mbele akitembea polepole, kifua mbele, suti inampwaya. Boaz alikuwa anatoka jasho. Na kwenye kiti cha mbele kabisa, ndani ya imvutano ya zambarau, vazi la kina mama la sherehe, alikaa Generoza, mgongo umenyooka.

Wema hakuusikia wimbo wala mahubiri. Aliangalia ule mgongo.

Mchungaji alifunga Biblia kwenye kidole na kuuliza lile swali ambalo huulizwa: kama kuna mtu mwenye kujua kizuizi, aseme sasa. Mtoto alikohoa.

Generoza akasimama.

Benchi zima la mbele liligeuza shingo. Irakoze hakugeuka, ila mabega yake yalipanda na kubaki juu. Mzee Ndayisaba alifungua mdomo. Generoza alitembea hatua tano zile za kutoka kitini mpaka madhabahuni, viatu vyake vinasikika kila hatua, mpaka akasimama nyuma ya bibi harusi. Wema alijikuta naye amesimama.

Kifungo cha tatu cha lulu kilikuwa kimeachia. Kutoka mlangoni Wema hakuweza kukiona, lakini wa kiti cha mbele walikuwa wanakitazama, na pale kilipoachia satini ilikuwa imevutika, inasema kila kitu. Generoza alikifunga. Vidole vyake vilikaa pale kiunoni kwa muda, muda wa kutosha mwanamke aliyelea watoto kujua anachoshika. Kisha akaishusha shela mpaka chini, akainyoosha vizuri upande huu na upande huu, akamgeukia mchungaji.

"Endelea, Pasita," alisema. "Ilikuwa shela."

Akarudi kitini.

Mlangoni, watu walipokuwa wanatoka na vigelegele, alimpita Wema karibu sana kiasi cha nguo zao kugusana. Hakumsalimu. Hakumtazama hata kidogo.

Mwezi wa tisa wasichana wa shule ya mlimani walishuka mjini na inifomu mpya za fundi wa sokoni. Kola zimekaa upande, lakini hilo si letu. Kila walipopita, Shabani aliwahesabu kwa sauti mpaka wakaisha, kisha akaingia ndani akanywa maji. Zile nguzo alizifanya banda la mbuzi. Mashine ya pili haikuja. Wakwe waliendelea kusema mke wa Shabani anajishughulisha nyumbani, na sasa waliongeza kwamba ana kiburi. Zipo siku Wema alimchukia Irakoze, ambaye hakuwahi hata kurudi kushukuru, na asingejua la kushukuru.

Siku moja asubuhi, mwezi wa kumi, baiskeli ya abiria ilisimama mlangoni, akashuka mwanamke mgeni. Alikuwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alijitaja kuwa ni Agneta, ametoka Minago, na alisimama kizingitini akiwa amekumbatia kitambaa chake kifuani kwa mikono miwili, kama mtu anayesikia baridi, na jua lilikuwa kali.

"Nimetumwa na Madamu Direktrisi," alisema.

Wema aliacha mkasi. "Amekutuma useme nini?"

"Hakunituma kusema." Mgeni aliangalia nyuma yake, uani, ambako Shabani alikuwa anamfunga mbuzi, akapunguza sauti. "Tulikutana hospitali, zamani. Nilimuambia tangu wanikate sijashona blauzi hata moja, nafunikaga tu na kitenge. Akaniambia niende Rumonge kwa mama Aisha. Ameniambia nisikueleze kitu. Nivue tu. Eti utaona, na hautasema."

Wema alisimama. Kisha akamshika mgeni mkono, akampitisha ndani, akamwekea kigoda.

"Nani huyo?" Shabani aliita kutoka uani. "Ni ya inifomu?"

"Muteja. Ametoka Minago."

"Minago yote hiyo, kwa baiskeli? Iko na nguo ngapi?"

"Blauzi moja," Wema alisema, akavuta pazia.